Mwenyekiti na Kidole Gumba cha Mguu wa Kulia

Bibi harusi alikuwa bado yuko usawa wa viti vya nyuma, mkono mmoja umeshika maua ya karatasi na mwingine umeinua pindo la gauni la kujaribia, wakati baba yake alipomaliza wimbo mzima, akalishusha tarumbeta mapajani na kujifuta midomo kwa leso. Bwana harusi, aliyekuwa amesimama mbele kabisa akimsubiri mchumba wake, alitazama viatu vyake kama mtu aliyeulizwa swali asilotaka kulijibu.

"Umeshamaliza, baba?" binti akauliza kutoka huko mbali.

"Nimemaliza. Kwani wewe hujaanza kutembea?"

Baba huyu alikuwa fundi bomba, na mtaa mzima ulimwita Fundi bila kuongeza jina, kana kwamba mafundi wengine wote walikuwa wakibahatisha tu. Hapakuwa na sinki lililoziba wala bomba lililopasuka ambalo hakuwahi kulipigia magoti. Hata tarumbeta lenyewe alilipata kazini. Shule moja ilimwita azibue mabomba ya bweni, naye akalikuta stoo limetupwa nyuma ya magodoro mabovu. Lilikuwa lile tarumbeta kubwa la kupakatwa, lenye mdomo mpana kama beseni na sauti nzito inayotetemesha sakafu. Mwalimu mkuu akamwambia kama analitaka alichukue, maana hata panya wamelichoka. Fundi akalilehemu matundu yake kama anavyolehemu bomba, vitufe akavipaka grisi ya koki, na mkewe, siku alipoliona likiingia mlangoni kwa shida, akaliita Tangi. Mke alikuwa ameshafariki, lakini jina lilibaki.

Dada yake Fundi alikuwa amekaa kiti cha mbele, pini mdomoni. Alikuwa mshonaji wa nguo za maharusi, mkubwa wa Fundi kwa kuzaliwa na kwa sauti, na ndiye aliyejitwika harusi yote kichwani. Akazitoa pini moja moja, akazichomeka kwenye ukosi wa blauzi yake. Wanaomfahamu walijua kwamba anasafisha njia ya maneno.

"Mdogo wangu," akasema, "huyu mtoto anakwenda kuolewa. Hafukuzwi na mbwa."

"Wimbo ndivyo ulivyo, dada."

"Wimbo naujua. Marehemu mkeo ulimpigia wimbo huu jioni zote za ndoa yenu, na mimi nilikuwa nikija kwenu nausikia tangu barabarani. Ule ulikuwa wimbo wa kumlaza mtoto. Huu uliopiga sasa hivi ni wa kumwamsha mtu nyumba inaungua."

Wakarudia. Safari hii binti, kwa kumhurumia baba yake, alijitahidi kwenda na mwendo wa tarumbeta. Alivuka ukumbi nusu mbio, akakanyaga pindo, akafika mbele akihema na maua yamelala upande. Bwana harusi akampokea kama kipa anavyopokea mpira. Alikuwa kijana mwenye adabu, na adabu hiyo ndiyo iliyomsaidia kuubana mdomo wake usicheke.

"Basi," akasema shangazi mtu. "Nitaleta spika. Spika unaibonyeza, inapiga, unaibonyeza, inanyamaza. Haina ubishi wala haina haraka."

"Shangazi, sitaki spika," binti akasema. Bado alikuwa anahema. "Mama hayupo wa kunisindikiza. Nilitaka angalau wimbo wake unisindikize, na aupige baba. Sijaomba kitu kingine kwenye harusi hii. Hata rangi za vitambaa nilikuachia wewe."

Maneno hayo yalimwingia shangazi, maana ni kweli aliachiwa rangi za vitambaa, na alikuwa amechagua zile ambazo binti hazipendi. Akachomoa pini moja kwenye ukosi, akaitazama, akairudisha.

"Sawa. Jumamosi ndiyo harusi. Alhamisi jioni nitapita kwenu nisikilize. Akipiga kama watu, atapiga harusini. Asipopiga kama watu, spika."

Fundi aliondoka pale na Tangi begani na nongwa moyoni. Ukweli ni kwamba hakuamini kuwa anakimbiza wimbo. Kwake, dunia ndiyo iliyokuwa inajivuta. Aliwahi kupiga katika bendi ya kikosi cha zimamoto, watu ambao kazi yao yote ni haraka, na hata wao walimwomba apumzike kidogo, na huko kupumzika hakujaisha mpaka leo. Fundi alisema wana wivu. Lakini njia nzima maneno ya binti yake yalikwenda naye. Kama kulikuwa na kitu kimoja duniani alichotaka kukifanya sawasawa, kilikuwa ni kile.

Jioni ileile akakaa sebuleni kufanya mazoezi, na binti akakaa kwenye mkeka kukunja vitambaa vya mezani, vile vya rangi asizozipenda. Sebule yenyewe ilikuwa ya kawaida: kabati la vyombo, kiti cha Fundi kilichoutazama ukuta wa picha, na mkabala nacho kiti cha marehemu, ambacho hakuna aliyekikalia ingawa hakuna aliyekatazwa. Fundi alivua mabuti na soksi. Kazi ya bomba ni kushinda miguu majini, na daktari alikuwa amemwonya kwamba vidole vyake vikikosa hewa jioni, ataviokota kimoja kimoja. Kwa hiyo nyumbani Fundi alikuwa mtu wa miguu mitupu, hata mbele ya wageni.

Chini ya kabati alikaa Mwenyekiti. Huyu alikuwa kobe. Cheo hicho alipewa na marehemu, kwa sababu alichelewa kila mkutano na bado hakuna aliyethubutu kuanza kula kabla hajafika. Alikuwa mkubwa kama sufuria ya familia, na mchana kutwa hakuwa na habari na mtu. Redio ikilia, amelala. Mlango ukibamizwa, amelala. Lakini Tangi likitoa mlio wa kwanza tu, kichwa kilitokeza chini ya kabati, kikafuatwa na shingo, kikafuatwa na Mwenyekiti mzima, naye huyo, kwa miguu yake minne, kuelekea kwenye kidole gumba cha mguu wa kulia wa Fundi. Akifika, huuma. Akiuma, haachii mpaka apulizwe puani. Daktari wa mifugo alikisia kwamba kobe anadhani ndani ya tarumbeta kuna dume mwenzake aliyeingia nyumba ya watu bila hodi, na kwa kuwa hamwoni, anamalizia hasira kwa aliye karibu. Kwa nini kidole gumba, na kwa nini cha kulia, daktari alisema hilo aulizwe mwenyewe.

Fundi akapiga. Mwenyekiti akatoka. Kucha zake zikagonga sakafu, ka, ka, ka, na binti akaacha kukunja vitambaa. Alikuwa ameiona picha hii tangu akiwa mtoto, na kwa sababu hiyohiyo hakuwahi kuitazama. Sasa akaitazama. Ubeti wa kwanza ulianza vizuri. Mwenyekiti alipofika katikati ya sebule, ubeti wa pili ukaanza kutembea harakaharaka. Alipobakiza kama upana wa mkeka, ubeti wa tatu ukatimua mbio, vidole vya Fundi vikirukaruka juu ya vitufe, na sauti ya mwisho ikatoka papo hapo ambapo miguu yote miwili ilipanda juu ya kiti. Mwenyekiti akakuta sakafu tupu. Akafumbua mdomo, akaufumba, akageuka kurudi kabatini.

"Baba," binti akasema. "Umeinua miguu."

"Huwa naiinua."

"Kwa nini?"

"Mwenyekiti si amefika?" Fundi alisema hivyo kama mtu anayeeleza kwamba ameanua nguo kwa sababu mvua inakuja. "Ameshaniuma mara ngapi? Kucha ya kidole hiki imeota upya mara mbili."

"Kwa hiyo unawahi umalize kabla hajafika."

"Siwahi. Inatokea tu kwamba wimbo unakwisha na yeye anafika."

Binti hakubishana. Alirithi kwa mama yake tabia ya kutobishana na mtu ambaye anaweza kumwonyesha. Akambeba Mwenyekiti na kumweka karibu kabisa na kiti, akasema, "Piga." Wimbo ukatoka kama chafya. Akampeleka Mwenyekiti mwisho wa korido, mlangoni kwa jikoni, akarudi, akasema, "Piga tena." Safari hii ubeti wa kwanza ulitulia, na wa pili pia ulikuwa na heshima zake, mpaka kile kichwa kilipotokeza kwenye kona ya korido. Hapo wimbo ukashika mbio zilezile za siku zote.

Fundi akalishusha Tangi. Akamtazama kobe, akakitazama kidole chake, akamtazama binti yake.

"Kumbe," akasema.

Mtu akishajua tatizo la bomba liko wapi, kazi imekwisha nusu, na Fundi alilala usiku ule akiwa mwepesi wa roho. Kesho yake akaanza matengenezo. Kwanza alivaa gambuti za kazini. Mwenyekiti akaja, akaikuta gambuti, akaitafuna bila mafanikio. Kidole kilikuwa salama kabisa, lakini wimbo ulikimbia kama jana. Fundi alijua amevaa gambuti. Kidole hakikujua. Kilikuwa na miaka yake ya mateso na hakikuwa tayari kuamini mpira.

Akamfungia Mwenyekiti bafuni. Mwenyekiti akaanza kuupiga mlango wa bati kwa gamba, bo, bo, bo, na kila pigo lilipolia Fundi aliruka nalo. Akampeleka kwa jirani, nyumba ya tatu, ambako hakusikika kabisa. Hiyo ndiyo ilikuwa mbaya kuliko zote, kwa sababu sasa hakujua kobe yuko wapi. Macho yake yalizunguka chini ya kabati, chini ya meza, nyuma ya pazia, na wimbo ukaisha kabla hajamaliza kukagua. Ndipo alipofahamu ni kwa nini kule ukumbini, ambako hapakuwa na kobe wala harufu ya kobe, bado alikimbia. Woga alikuwa amekwenda nao mwenyewe.

Alhamisi ikafika. Fundi alirudi kazini mapema, akavua mabuti, akakaa bila kuligusa Tangi. Binti alimkuta ameshika tama.

"Mwambie shangazi yako alete spika," akasema. "Nimejaribu, mama. Mimi nazibua mabomba ya watu, langu limenishinda. Sitaki ukimbie kwenye harusi yako kwa sababu ya baba mwoga."

Binti alikuwa na hasira, si na baba, bali na mambo tu jinsi yalivyo, na mtu mwenye hasira ya namna hiyo hutafuta kitu cha kushika. Mwenyekiti alikuwa anakwaruza mguu wa kabati. Akamwinua. Akatafuta pa kukaa naye, na kwa kuwa mkeka ulikuwa umejaa vitambaa, akakaa kwenye kiti cha mama yake bila kufikiri, akampakata, akachukua kitambaa cha vumbi na kuanza kumfuta gamba.

"Basi nipigie mimi tu," akasema. "Mara moja. Hata ukikimbia, sijali."

Fundi akalipakata Tangi shingo upande. Akapiga huku anawatazama, kwa sababu ndio waliokuwa mbele yake. Mwenyekiti alinyoosha shingo, akapiga makasia hewani kwa miguu yake minne, akaona haendi popote, akatulia. Kitambaa kilikwenda na kurudi juu ya gamba. Ubeti wa kwanza ukapita. Ubeti wa pili ukapita. Fundi alishangaa kukuta kwamba katikati ya ubeti wa tatu kuna mahali pa kuvuta pumzi, mahali pazuri kabisa, ambapo alikuwa hajapita kwa miaka mingi. Alipomaliza, chai aliyomiminiwa ilikuwa imepoa.

Alikuwa anakitazama kile kiti. Jioni zote za ndoa yake mkewe alikaa pale, Mwenyekiti mapajani, kitambaa cha vumbi mkononi, akimfuta kobe aliyekwisha kung'aa. Fundi alikuwa akimwonea wivu yule kobe. Alikuwa akisema, utani nusu, kweli nusu, "Wewe unampenda huyu kuliko mumeo," na mke alicheka tu, akajibu neno moja, "Piga." Kisha, binti akiwa bado mdogo, mke akaugua, akafariki, na Mwenyekiti akashuka sakafuni. Na Fundi akaanza kuambiwa na watu kwamba anakimbia.

"Alikuwa ananishikia," akasema polepole. "Miaka yote ile. Mimi nadhani anambembeleza kobe, kumbe anakishikia kidole changu."

"Aliniambia," binti akasema. "Nilikuwa mdogo, nikadhani ni utani. Alisema, nikimwachia huyu, baba yako atapiga mbio mpaka atoke nje ya mji."

"Sasa kwa nini hakuniambia mimi?"

"Ungekubali kwamba unamwogopa kobe?"

Fundi akafikiri. "Nisingekubali."

Alimkumbuka mkewe wakati ule kwa uchungu ambao hakuwa nao hata siku ya msiba, maana siku ya msiba alikuwa hajajua bado jambo hili, na sasa amelijua hana wa kumshukuru.

Shangazi alipofika na kusikiliza, alitoa pini mdomoni na kukiri kwamba huo ndio wimbo anaoufahamu. Kisha akaelezwa sharti lake. Harusini lazima mtu akae mbele ya Fundi, amempakata kobe, Fundi amwone. Bibi harusi hawezi, anatembea. Bwana harusi hawezi, anapokea. Wote wawili wakamtazama yeye.

"Mimi?" akasema shangazi. "Na hariri yangu? Gauni lile nimelishona miezi."

"Shangazi, ni beti tatu tu."

"Nimeshonea maharusi mji mzima. Nimeona wakizimia, nimeona wakigombana, nimeona bwana harusi akikosea bibi harusi. Kupakata kobe sijaona." Akakitazama kiti cha marehemu. Alipendana sana na yule wifi yake, ingawa hakuwahi kulisema. "Aogeshwe. Apanguswe. Asile kitu tangu Ijumaa. Na mimi niwekewe taulo. Na wewe, mdogo wangu, siku hiyo utavaa viatu, kama binadamu."

Jumamosi ukumbi ulijaa. Fundi alikaa mbele na Tangi, suti yake imepigwa pasi mpaka inakata, miguuni viatu vipya alivyonunuliwa na binti, vyeusi, vyenye ncha, vizuri sana kwa macho. Kwa miguu ya mtu aliyezoea gambuti, vilikuwa adhabu. Alivumilia. Alivumilia wageni wakiingia, alivumilia wakitafuta viti, alivumilia mpaka vidole vikafa ganzi. Mwisho, kwa kuwa Tangi lilimficha kuanzia kifuani mpaka sakafuni, na kwa kuwa kobe alikuwa mikono salama, akavichomoa viatu kwa visigino na soksi kwa vidole, akavisukuma vyote nyuma ya kiti. Hewa ikapita. Akamshukuru Mungu.

Kiti cha mbele, shangazi alikuwa amekaa wima ndani ya hariri ya rangi ya dhahabu, taulo mapajani, na juu ya taulo Mwenyekiti, aliyepakwa mafuta akang'aa kuliko maharusi. Mama yake bwana harusi aliinama na kuuliza kwa upole kama ile ni zawadi.

"Hapana," shangazi akajibu bila kugeuza shingo. "Ni mgeni wa upande wetu."

Mlango ukafunguliwa. Binti akasimama pale peke yake, na Fundi alipomwona akasahau mara moja wimbo unaanzaje. Kisha akaukumbuka. Akapiga, na wimbo ukatoka taratibu, kama vile jioni za zamani, na binti akaanza kutembea, naye hakukanyaga pindo wala hakuhema. Bwana harusi, aliyejiandaa kudaka, akashusha mikono.

Ubeti wa pili ulipoanza, uso wa shangazi ukabadilika. Haukubadilika sana. Macho yalitoka kidogo, na midomo ikajibana kama bado imeshika pini. Mwenyekiti hakuwa amekula tangu Ijumaa, hilo ni kweli, lakini hakuna aliyefikiria maji aliyokunywa alipoogeshwa. Taulo lilifanya kazi yake mpaka lilipoelemewa. Shangazi hakupiga kelele, na hili litatajwa kwa heshima katika ukoo ule maisha. Alimwinua Mwenyekiti kwa mikono miwili kama mtu anayeipua sufuria bila vitambaa, akamweka sakafuni, na kukaa tena, wima.

Mwenyekiti akageuza kichwa. Tangi lilikuwa linanguruma. Akaanza safari, ka, ka, ka.

Fundi alimwona. Vidole vya mkononi vikawasha kutaka kukimbia, na kile cha mguuni kikajikunja chenyewe. Viatu vilikuwa nyuma ya kiti, huwezi kuvifikia na tarumbeta mapajani. Miguu aliweza kuinua, lakini mtu ukiinua miguu na tarumbeta zito namna ile unaanguka na kiti. Na wimbo aliweza kuumaliza. Hilo ndilo lililokuwa rahisi. Angekaza mwendo kidogo tu, akamaliza, na binti yake angebaki amesimama katikati ya ukumbi, kimya, hana wimbo wa kumfikisha. Aliinua macho. Binti alikuwa amemwona kobe pia. Mwendo wake ukasita, akamtazama baba yake, naye baba akaona anajiandaa kukimbia tena, kwa kumhurumia yeye, kama siku ile ya mazoezi. Alikuwa ameshashika pindo.

Basi Fundi akapiga moyo konde. Mkewe alimshikia kwa miaka yote, leo ilikuwa zamu yake kujishikia. Alikaza macho kwa binti yake na akapiga polepole, polepole kuliko hata mwanzo, ili mtoto aelewe. Binti akaelewa. Akaliachia pindo.

Mwenyekiti alifika kwanza. Aliuma palepale pa siku zote.

Sauti aliyokuwa anaipiga Fundi wakati ule ilikuwa ndefu, na ikawa ndefu zaidi. Ilianza nene, ikapanda kidogo katikati bila kutegemewa, ikatetemeka, ikarudi mahali pake. Wajuzi wa muziki waliokuwepo walitazamana kwa kustaajabu. Machozi yalimtoka Fundi na kumwagika shavuni mpaka kwenye shaba ya Tangi. Mama yake bwana harusi akatoa leso. Safu nzima ya pili ikatoa leso. Mtu mmoja akanong'ona kwamba hajapata kuona baba anayempenda mtoto namna hii, na alisema kweli, ingawa sababu zake hazikuwa kamili. Fundi mwenyewe hakujua machozi yapi ni ya kidole, yapi ni ya binti, na yapi ni ya yule ambaye kiti chake nyumbani kilikuwa kimya. Yote yalitokea mahali pamoja.

Ubeti wa tatu ulikuwa bado. Binti alifika mbele, lakini hakumpa bwana harusi mkono. Alimpa maua amshikie. Akainama na gauni lake lote miguuni kwa baba yake, akampuliza Mwenyekiti puani, na Mwenyekiti akaachia. Akamwinua na kumpakata kwenye kifua cheupe ambacho shangazi yake alikuwa amekitia lulu moja moja kwa mkono.

"Nimemshika, baba," akasema. "Piga."

Fundi akavuta pumzi pale mahali pazuri, akapiga ubeti wa tatu mpaka mwisho, na hakuna kilichomharakisha. Katika kiti cha mbele dada yake alilia kwa sauti, hariri imelowa, na alipoulizwa baadaye alisema alikuwa analilia gauni.